Gulfstream G550: ndege ndogo inayofika mbali, na mafuta inayokula

Wasikilizaji wetu wa Tunguu, Bungi, Unguja Ukuu na vijiji jirani hutuuliza juu ya zile ndege ndogo zinazoonekana uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, zenye injini mbili mkiani na ncha za mabawa zilizopinda kwenda juu. Ndege ndogo vile inawezaje kwenda Ulaya bila ya kutua njiani? Na ikiwa ni ya Serikali, inakula kiasi gani?

Tunayajibu masuali hayo kwa kuiangalia ndege moja ambayo Watanzania wameizungumza sana: Gulfstream G550, ndege ya Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, yenye namba ya usajili 5H-ONE.

Ilivyokuja Tanzania

Kabla ya ndege hii, viongozi wetu walisafiri kwa Fokker F28, ndege iliyotengenezwa Uholanzi na iliyoanza kutumika nchini miaka ya 1970. F28 ilikuwa ndege nzuri ya safari fupi, kama Dar es Salaam kwenda Mwanza au Nairobi. Kwenda Ulaya ilibidi itue njiani kutia mafuta.

Serikali ya Rais Benjamin Mkapa ikaamua kununua ndege ya masafa marefu. Mjadala ulikuwa mkali. Hadi leo watu wanakumbuka kauli inayonasibishwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, kwamba ndege itanunuliwa hata kama wananchi watakula nyasi. Wakati huo, G550 mpya iliuzwa zaidi ya dola za Marekani milioni 40. Ndege ilinunuliwa na ikafika kabla Mkapa hajaondoka madarakani mwaka 2005. Inaendeshwa na Wakala wa Ndege za Serikali.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2009 Uganda nayo ilipata G550 kwa ajili ya Rais Yoweri Museveni, ikachukua nafasi ya Gulfstream ya zamani zaidi.

Ilivyotengenezwa

Kampuni ya Gulfstream iko Savannah, katika jimbo la Georgia, Marekani. Ndege ya kwanza yenye jina hilo iliruka mwaka 1958, na ilikuwa ya mapanga boi. Mwaka 1966 ikaja Gulfstream II, yenye injini za jeti.

Katika miaka ya 1990 makampuni makubwa ya biashara yalitaka ndege ya kuwatoa wakurugenzi wao New York hadi Tokyo bila ya kutua, safari ya karibu kilomita 10,800. Gulfstream wakatengeneza Gulfstream V. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1995, na mwaka 1997 ikapata kibali cha kutumika.

G550 ni Gulfstream V iliyoboreshwa. Wahandisi walilainisha sehemu za mwili zilizokuwa zikikamata upepo, wakaongeza madirisha yakawa 7 kila upande, na mbele ya marubani wakaweka skrini 4 kubwa. Puani mwa ndege iko kamera inayoona kwa joto, ambayo humsaidia rubani kuuona uwanja usiku au penye ukungu. Kibali chake kilitoka mwaka 2003. Zilitengenezwa zaidi ya ndege 600, na utengenezaji ulimalizika mwaka 2021.

Vipimo vyake kwa ufupi

- Urefu: mita 29.4. Kutoka ncha ya bawa moja hadi la pili: mita 28.5.
- Uzito wa juu inapoondoka: zaidi ya tani 41.
- Mafuta tangi likijaa: tani 18.7, sawa na zaidi ya mapipa 110 ya lita 200.
- Injini: mbili, aina ya BR710 za Rolls-Royce.
- Mwendo wa safari ndefu: karibu kilomita 850 kwa saa.
- Kimo cha juu: mita 15,545.
- Umbali: kilomita 12,501, ikiwa na abiria 8.
- Viti: kwa kawaida havizidi 18 au 19.

Kwa nini inafika mbali?

Sababu ya kwanza ni mafuta. Angalia tena uzito hapo juu: katika tani 41, tani 18.7 ni mafuta. Karibu nusu ya uzito wa ndege inapoondoka ni mafuta yake yenyewe, na mengi yamo ndani ya mabawa.

Wavuvi wa Unguja Ukuu wanalielewa jambo hili vizuri. Boti inayokwenda mbali lazima ibebe madumu mengi ya petroli, na kila dumu linachukua nafasi ya mtu au ya samaki. G550 ni hivyo hivyo. Tangi likijaa, uzito unaobaki unatosha watu wachache na mizigo yao tu. Ndiyo maana umbali wake hutajwa kwa abiria 8, ingawa viti ni zaidi ya hapo.

Sababu ya pili ni kimo. Ndege kubwa za abiria mara nyingi huruka kati ya kilomita 10 na 12 kutoka usawa wa bahari. G550 inaweza kupanda hadi kilomita 15 na nusu, zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo haiizuii ndege sana. Injini hazitumii nguvu nyingi kuisukuma, na mafuta yanakwenda mbali zaidi. Pia inakuwa juu ya mawingu mengi ya mvua na juu ya njia zenye msongamano wa ndege nyengine.

Sababu ya tatu ni mabawa. Hewa iliyo chini ya bawa inasukuma kwa nguvu kuliko iliyo juu yake, kwa hivyo hutaka kupenya pale nchani na kuzunguka kwa juu. Mzunguko huo huivuta ndege nyuma. Ncha iliyopinda kwenda juu huupunguza, na mafuta kidogo yanaokolewa kila saa. Katika safari ya saa 14, kidogo hicho huwa kingi.

Umbali wa karatasini na umbali wa safari

Kilomita 12,501 ni umbali wa ndege yenye abiria 8, kwa mwendo wa kubana mafuta, pasipo na upepo. Rubani akizidisha mwendo hadi kama kilomita 900 kwa saa, umbali unashuka hadi karibu kilomita 11,000.

Sasa tuangalie kutoka kwetu. Zanzibar hadi Muscat ni kama kilomita 3,900, Dar es Salaam hadi London ni kama 7,500, na hadi Beijing ni kama 9,400. Zote hizo G550 inazimudu bila ya kutua. Lakini Dar es Salaam hadi New York ni kama kilomita 12,400. Karatasini inafika. Katika safari yenyewe, upepo wa juu katika Atlantiki ya Kaskazini huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anaupokea usoni, na anayerudi unamsukuma mgongoni. Wazee wetu wa majahazi walingoja kusi ili waende Arabuni na kaskazi ili warudi. Ndege haina muda wa kungoja msimu, kwa hivyo hutua njiani ikatia mafuta.

Hesabu ya mafuta kwa kila mtu

Hapa ndipo penye fedha za wananchi. Tuilinganishe G550 na Boeing 787-8 ya Air Tanzania, ambayo ya kwanza ilifika nchini Julai 2018. Boeing hiyo ina viti 262, tangi lake hubeba karibu tani 101 za mafuta, na nayo inaweza kwenda zaidi ya kilomita 13,000.

Gawa mafuta kwa watu. Kwenye G550 yenye abiria 8, kila mmoja anaangukiwa na kilo 2,340 hivi za mafuta. Kwenye Boeing iliyojaa, kila mmoja anaangukiwa na kilo 386 hivi. Ni makadirio, lakini yanaonesha picha: kwa safari ndefu, abiria wa ndege ndogo anatumia mafuta karibu mara sita ya abiria wa ndege kubwa.

Wanaoitetea ndege ya Rais wana hoja zao. Kiongozi anahitaji ulinzi, anahitaji kuzungumza siri za nchi njiani, na anaweza kuhudhuria vikao katika nchi mbili kwa siku moja pale ambapo ndege za abiria haziendi moja kwa moja. Wanaopinga nao wana yao: ndege inagharimu hata ikikaa bure, kwa sababu marubani, mafundi, bima na vipuri vinalipiwa iruke isiruke.

Kwa hivyo, ukisikia ununuzi wa ndege unajadiliwa Bungeni au katika Baraza la Wawakilishi, usiishie kwenye bei ya kununulia. Ulizia mambo matatu. Itaruka saa ngapi kwa mwaka? Itabeba watu wangapi kila safari? Na safari zake nyingi ni za wapi? Ndege ya kilomita 12,500 ikitumika zaidi kwa safari za Dodoma na Nairobi, tumelipia mabawa na tangi tusilolihitaji. Ikitumika kwa Beijing na London, angalau umbali tuliounuua tunautumia.