Vibali na Ada za Mbuga za Kitaifa: Kutoka Barafu ya Mlima Kenya hadi Ruma (Sehemu ya Pili)

Ada ya kuingia mbuga ya kitaifa nchini Kenya haipangwi na askari wa langoni wala msimamizi wa mbuga. Hupangwa kwa kanuni anazotunga waziri chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka huohuo inamtaka awasikilize kwanza watu watakaoguswa na kanuni hizo. Kazi ya kutoza imeachiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki, si kwa noti mkononi. Kiasi hutegemea uraia, umri na mbuga yenyewe: mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto kidogo kuliko mtu mzima.

Mlima Kenya, uliotangazwa mbuga mwaka 1949, una uzito wake. Safari ya kufika Point Lenana, mita 4,985, huchukua siku kadhaa, kwa hiyo ada huhesabiwa kwa siku. Kupiga kambi hulipiwa kando. Kwa mwenye mfuko mwembamba, jumla yake hupanda haraka.

Chini ya Lenana ndipo ilipo Barafu ya Lewis. Uchunguzi wa wataalamu ulionyesha kuwa kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mahali pengine penye barafu nyingi, kanuni zinaweza kuwa kali zaidi. Katika mbuga ya Mount Rainier nchini Marekani, yeyote anayekanyaga barafu ya kudumu, au kupita futi 10,000, yaani mita 3,048, sharti awe na kibali cha kupanda mlima na alipe ada yake mbali na kiingilio, hata kama ameenda kuteleza kwa skii tu. Miongoni mwa sababu ni nyufa zilizofunikwa na theluji, na gharama ya kuwatafuta waliotumbukia. Ada ya namna hiyo ni ya haki, kwa maana anayejitia hatarini huchangia gharama ya kuokolewa.

Tukirudi Kenya, kwa watu wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, mbuga ya kitaifa iliyo karibu ni Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Ina ukubwa wa kilomita 120 za mraba hivi. Ilianza kama hifadhi mwaka 1966, ikawa mbuga ya kitaifa 1983. Ndipo mahali pekee Kenya ambapo korongo, paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, angali porini. Mbung'o na ugonjwa wa malale viliwaweka watu na mifugo mbali na bonde kwa miaka mingi. Leo kinachozuia ni sheria: kulisha ng'ombe ndani bila idhini ni kosa.

Sheria hiyohiyo ya Wanyamapori ya 2013 inataka angalau asilimia 5 ya manufaa ya mbuga za kitaifa yafikie jamii zinazopakana nazo. Viwango vinapopitiwa upya, vikao vya maoni huitishwa. Wakazi wa Lambwe na wa maeneo jirani ya Gwassi na Karungu wahudhurie, waulize asilimia hiyo imekwenda wapi.