Mananasi ya Mwandiga na Fungu la Watoto

Akina mama wengi hatujui kukaa mezani. Tunajua kuandaa meza, kupakua, kugawa, na kuangalia nani hajapata mboga. Kisha sisi wenyewe tunakula kilichobaki, tumesimama karibu na jiko, mkono mmoja una kikombe na mwingine unafunga vifungo vya sare ya mtoto. Ndiyo maana mama akipelekwa mahali kupumzika, siku ya kwanza huwa ni ya taabu. Anataka kuondoa vyombo. Anamwonea huruma mhudumu. Anauliza ufagio uko wapi.

Mpendwa msomaji, mwezi huu nakutembeza Kigoma, kutoka meza ya hoteli kando ya Ziwa Tanganyika mpaka shamba la mananasi huko Mwandiga. Si mbali, lakini kati ya meza ile na shamba lile kuna jambo linalowahusu watoto wetu wote.

Kifungua kinywa kisicho na haraka

Mimi na baba watoto tulikwenda huko mwezi wa Machi, katika kutimiza miaka 15 ya ndoa yetu. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Tulifikia hoteli moja ya ufukweni, si ya fahari kubwa, yenye vibanda vilivyoezekwa kwa nyasi na meza zilizopangwa hatua chache tu kutoka majini. Kwa asiyefika kule, Ziwa Tanganyika ni refu kiasi cha kilomita 670, na kina chake kinakaribia mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolishinda kwa kina. Asubuhi kukiwa kweupe unaiona milima ya Kongo ng'ambo, na karibu yako wavuvi wa dagaa wanarudi na mitumbwi baada ya kukesha na taa.

Siku ile milima haikuonekana. Mawingu yalikuwa mazito na upepo ulikuwa na harufu ya mvua.

Baada ya sala fupi yakaletwa matunda kwanza: nanasi lililokatwa vipande vya mviringo, papai, ndizi mbivu, na parachichi lililotiwa chumvi na ndimu. Kisha mayai, mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, maandazi, na kahawa iliyolimwa milima ya Kalinzi. Baba watoto alinimiminia kahawa mwenyewe. Akasema, "Mama, kaa. Leo hakuna anayetafuta soksi." Nikakaa. Nilikula vipande vinne vya nanasi kabla ya kugusa kitu kingine, na tukaondoka pale saa nne, tukiwa tumezungumza mambo ambayo nyumbani huwa tunayakatisha katikati.

(Akina baba mnaochungulia ukurasa huu: jambo hili halihitaji hoteli. Jumamosi moja ya mwezi, baba na watoto wakubwa wapike uji na kuchemsha viazi, mama aketi mpaka amalize kikombe chake kikiwa bado cha moto.)

Nilimwuliza mhudumu matunda yale yanatoka wapi. "Mwandiga, mama. Mengine yanashuka kutoka Kalinzi." Ajabu yake ni kwamba nanasi, papai na parachichi asili yake ni bara la Amerika, na ndizi zilitoka Asia. Mti wa matunda ulio wa Afrika hasa katika nchi ile ni mchikichi, na huo haukuwa na nafasi kwenye sahani ya wageni, labda ndani ya kikaango tu. Nitaurudia baadaye, maana akina mama tunaukosea sana.

Mvua ya Machi

Mwandiga iko kama kilomita 10 kutoka Kigoma mjini, penye njia panda. Barabara moja inapanda Kalinzi hadi Manyovu, mpakani mwa Burundi. Nyingine inakwenda Kidahwe, na kutoka huko Kasulu au Uvinza. Kwa hiyo kila kitu hupita pale. Sokoni utakuta madumu ya mawese mekundu, mikungu ya ndizi, maharage, mihogo mikavu, dagaa, na mananasi yaliyopangwa chini kwa mafungu. Barabara ya Manyovu, kilomita kama 60, ina lami siku hizi, lakini mashamba hayako kando ya lami. Tulipoiacha tu, mvua ikashuka, na teksi ikakataa kuendelea.

Mwenyeji wetu, mama tuliyejuana naye kwenye semina ya akina mama, alikuja kutupokea akiwa na mabuti miguuni na jani la mgomba kichwani. "Karibu, dada. Shemeji, karibu. Poleni na mvua." Shemeji alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Nisiseme zaidi.

Shamba lake liko kwenye mteremko. Mananasi yamepandwa kwa mistari inayoukata mteremko, na katikati ya mistari ametandaza nyasi, ili maji yasiuchukue udongo na kuupeleka ziwani. Elimu hiyo si ngeni kule. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE, wa Taasisi ya Jane Goodall, umefanya kazi na vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe katika kupanda miti na kutunza ardhi, na akina mama wengine walipata mikopo midogo kwa njia hiyo. Chini bondeni kuna michikichi. Karibu na jiko kuna mipapai mitatu na mparachichi mmoja mkubwa.

Tulitembea mle tukiwa tumelowa mpaka magotini, naye akitufundisha. Nanasi hupandwa kwa machipukizi yanayotoka ubavuni mwa mmea. Hayo huzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Ukipanda kile kishungi cha juu, unaweza kusubiri miaka miwili. Na kila mmea hutoa tunda moja tu kwa mzao. Kwa hiyo lile nanasi nililolila asubuhi bila haraka, mama fulani alilisubiri tangu mtoto wake anakaa mpaka anakimbia.

Akanifundisha na jambo ambalo litakufaa sokoni. Nanasi likishakatwa shambani haliongezi utamu tena. Litalainika, litageuka rangi, lakini sukari yake ni ile ile liliyotoka nayo. Papai, ndizi, embe na parachichi unaweza kuyavundika nyumbani; nanasi, hapana. Wanunuzi wa mbali huyataka yakiwa bado magumu ili yavumilie safari, ndiyo maana wengi wetu mijini tunakula mananasi makali kisha tunalaumu mbegu. Nusa upande wa kikonyo. Likinukia, limeiva. Lisiponukia, usidanganywe na rangi.

Kadi ya kliniki

Mvua ilipozidi tulikimbilia jikoni kwake. Akatupa kanga kavu, akaweka chai ya mchaichai motoni, akatukatia nanasi. Watoto wake watatu walikuja na kukaa mkekani, kila mmoja na kipande chake, bila kugombana. Nilimsifu. Akatabasamu, kisha akasema, "Haikuwa hivi, dada."

Nilimwomba anieleze, naye akaniruhusu niandike bila kumtaja jina.

"Mwaka ule huyu mdogo alikuwa anakaribia miaka miwili. Mananasi yalikubali kweli kweli. Niliuza yote. Mapapai niliuza, maparachichi niliuza, hata mayai. Tulikuwa tunatafuta mabati, na kaka yake alikuwa anaingia sekondari, anahitaji sare na godoro. Nikaenda kliniki. Muuguzi akaangalia kadi, akaniambia, mama, mstari wa mtoto umelala miezi mitatu. Anakula nini? Nikasema, ugali wa muhogo, dagaa kidogo, na chai ya rangi. Akaniuliza, kwenu mnalima nini? Nikaanza kumtajia. Nilipofika kwenye maparachichi nikanyamaza mwenyewe."

Nilitazama ndani ya kikombe changu. Ni wangapi kati yetu tungetaja mpaka mwisho bila kunyamaza?

Tusifikiri ni habari ya mama mmoja. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34, na mwaka 2022 walikuwa 30. Tumepiga hatua, lakini watatu katika kila kumi ni wengi mno, na mikoa inayolima chakula kingi haijaokoka. Tena udumavu haulii. Mtoto anacheza, anacheka, ila ni mfupi kuliko umri wake, na majirani wanasema amemrithi babu. Kinachopotea si urefu peke yake bali na uwezo wa kujifunza, na muda mkubwa wa kukirekebisha ni tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili.

Ugali wa muhogo si adui. Unashibisha na kutia nguvu, lakini una protini kidogo sana, kwa hiyo unahitaji wenzake. Dagaa wa Kigoma ni mwenzake mzuri, wala usiwadharau kwa sababu ni wadogo. Maharage na matembele pia. Na matunda yana kazi ambayo wengi hatuijui: vitamini C iliyo katika nanasi, papai na pera husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga za majani. Chai hufanya kinyume. Mtoto akinywa chai pamoja na maharage, sehemu ya yale madini haimfikii. Basi chai isogezwe, iwe saa moja au zaidi baada ya chakula, na mahali pake mezani pawekwe kipande cha tunda. Badiliko hili halidai hata shilingi kwa mwenye shamba.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Usitafute mizani. Kipande kizuri cha papai asubuhi, ndizi mchana, na mboga za majani kwenye milo miwili vitakufikisha karibu. Mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye kabla ya hapo ananyonya tu, anaweza kupondewa parachichi, ndizi au papai. Juisi isichukue mahali pa tunda, hasa ile ya kuchuja na kutiwa sukari.

Sasa mchikichi. Ile rangi nyekundu ya mawese ndiyo mali yenyewe. Ndani yake kuna kirutubisho ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kupambana na magonjwa. Nasi tunafanya nini? Tunayachoma kwenye sufuria mpaka yawe meupe, kwa kuwa tunaona aibu ya mboga nyekundu mbele ya wageni! Moto ule mkali unaiharibu mali yote. Yapashe kidogo tu, au yatie kwenye maharage yakiwa karibu kuiva.

Kumshawishi baba

Nilimwuliza mama yule kama ilikuwa rahisi. Akacheka. Alipoanza kutenga matunda ya watoto kabla ya kuuza, mumewe alimwambia, "Unakula mtaji." Baba wa watu hakuwa mkatili, alikuwa na hesabu yake ya mabati, na kila nanasi lililobaki nyumbani aliliona kama msumari uliopungua. Walibishana wiki mbili. Mwisho mama hakuongeza maneno. Mwezi uliofuata alimwomba tu wafuatane kliniki, na muuguzi akamwonyesha baba ule mstari kwenye kadi.

"Alirudi kimya njia nzima," alisema. "Jioni akatengeneza tenga dogo la mianzi. Akasema, hili ni la watoto, lijae kwanza."

Mabati yalichelewa msimu mmoja. Sasa yapo, mvua ilikuwa inayapiga juu yetu tulipokuwa tunazungumza, mpaka ilitubidi kupaza sauti. Na mstari wa mtoto ulianza kupanda, polepole, baada ya miezi kadhaa ya parachichi, dagaa waliosagwa na uji ulioboreshwa.

Utaratibu wao ni mwepisi. Siku ya kuchuma, kabla mnunuzi hajafika, linajazwa tenga la nyumbani, tena si kwa yaliyopondeka au kuliwa na ndege tu. Wanachagua na mazuri. Yanaoshwa kwa maji yaliyochemshwa, maana kandokando ya ziwa kipindupindu kimesumbua mara nyingi. Hesabu ya yaliyouzwa inaandikwa daftarini na mume na mke wanaiona wote wawili.

Kama saa tisa mvua ilipungua ikawa manyunyu. Kijana mnunuzi akafika na pikipiki yenye matenga mawili makubwa nyuma, amelowa chapachapa. Akapewa chai kwanza. Kisha akahesabu mananasi yaliyopangwa barazani, wakakubaliana bei baada ya mabishano ya kawaida, akalipa. Alipokuwa anafunga kamba akaliona lile tenga la mianzi mlangoni, limejaa, na nanasi moja kubwa juu kuliko yote aliyonunua.

"Mama, na haya?"

"Hayo yana wenyewe," akajibu, akaendelea kuhesabu fedha zake.