Mahindi Yenye Ukungu Hayana Msamaha

Wewe ununuaye mahindi ya githeri huko Ngoingwa, je, wakumbuka mwaka wa 2004? Watu waligeuka macho manjano, wakavimba matumbo, wakafa. Kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao wamefariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui, lakini wilaya ya Thika pia iliguswa.

Daktari peke yake angeona ugonjwa wa ini tu. Ilibidi Wizara ya Afya ishirikiane na wataalamu wa maabara na wa kilimo, pamoja na wale wa CDC ya Marekani. Walipoyapima mahindi, mwuaji alijulikana: aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Kuichemsha hakuiondoi.

Basi ulinzi unaanzia nyumbani kwako. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, yaanike tena juu ya turubai. Yaliyoota ukungu usimpe hata ng'ombe, kwani sumu hiyo hurudi mezani ndani ya maziwa.