Vinyago vilivyotangulia vitambulisho: Sanaa ya Wamakonde nchini Kenya

MTALII anunuapo sanamu la mpingo katika masoko ya Mombasa au Nairobi, aghalabu huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya “Makonde”. Jina hilo limegeuka kuwa chapa ya biashara. Hata kinyago kilichochongwa na mtu asiyewahi kuuona mto Ruvuma huuzwa kwa jina hilo.

Jambo ambalo mnunuzi haambiwi ni kwamba jamii yenye jina hilo iliishi nchini Kenya kwa takriban miaka 80 bila kutambuliwa na serikali. Jina la Wamakonde lilikubalika dukani muda mrefu kabla ya kukubalika katika ofisi ya msajili wa watu.

Wamakonde asili yao ni nyanda za juu zilizo pande zote mbili za mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Waliofika Kenya walianza kuletwa katika miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, hususan Ramisi, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kwale. Wengine waliwafuata baadaye wakikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilivyoanza mwaka 1964. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, familia hizo hazikuwa na kwao kwingine pa kurudi. Kilichobakia mikononi mwa wengi kilikuwa jembe na tezo.

Neno “kinyago” nalo lastahili kufafanuliwa kidogo. Hapo kale lilitaja umbo la kutisha lililotumiwa katika unyago, na ndiyo maana wahenga wakanena kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Siku hizi sisi wanahabari tunaliita kila sanamu la mti kinyago, tukichanganya vitu viwili ambavyo Mmakonde huvitenganisha.

Cha kwanza ni lipiko, ambalo wingi wake ni mapiko. Hii ni barakoa ya ngoma. Huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, kwa sababu mchezaji huivaa kichwani kama kofia na kucheza nayo kwa muda mrefu, akiiinamisha nyuma ili aone kupitia tundu la mdomo. Baadhi hutiwa nywele halisi za binadamu, na chale za usoni huundwa kwa nta. Mapiko yalitoka hadharani vijana walipohitimu jandoni. Zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kumjua aliye ndani ya vazi lile. Walipaswa kuamini kwamba ni mzuka uliorejea kutoka kwa wafu.

Cha pili ni sanamu za mpingo, na hapa ndipo wengi hukosea. Tunazoea kuziita za jadi, ilhali mitindo iliyozipa umaarufu duniani ilizuka miongoni mwa wahamiaji. Wamakonde wa Msumbiji waliovuka Ruvuma wakiepuka kazi ya lazima ya Wareno walitua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika na viungani mwa Dar es Salaam, wakachonga ili wauze. Ni Dar es Salaam, katika miaka ya 1950, ambako mchongaji Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja na viungo vilivyopindana. Mtindo wa watu waliopandana na kushikana kama mnara, ambao hunasibishwa na mchongaji Yakobo Sangwani, uliitwa kwanza dimoongo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ukajulikana zaidi kwa jina la ujamaa.

Kwa hivyo sanaa hii haikuhifadhiwa kwa kufungiwa kabatini. Ilidumu kwa sababu wenyewe walihama nayo, wakaibadilisha na kuiuza.

Kenya ilinufaika mapema, tena kupitia vita. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya Waafrika wa Kenya walipelekwa Tanganyika wakiwa wapagazi na askari. Miongoni mwao alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya sasa. Wakamba walikuwa na ustadi wao wa kuchonga vigoda, bakora na vyombo vya nyumbani, lakini yasimuliwa kwamba Munge alijifunza kuchonga sanamu kutoka kwa wachongaji wa huko kusini, Wamakonde au Wazaramo kutegemea msimulizi. Aliporejea alianza kuuza kazi zake kwa Wazungu, na jamaa na majirani wakamwiga. Kutoka kijiji hicho kukazuka biashara iliyofika Nairobi na Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilianzishwa Changamwe mwaka 1963.

Wakamba hawakunakili tu. Waligawana kazi: mmoja hukata umbo kwa tezo, mwingine hulikamilisha kwa patasi na kisu, wengine hupiga msasa na kupaka rangi. Twiga, faru na vijiko vya saladi hutoka kwa mafungu, kimoja kikifanana na kingine. Mchongaji wa Kimakonde aghalabu hukaa na gogo moja tangu mwanzo hadi mwisho na kufuata umbo lake. Mkono wa kwanza hulisha watu wengi zaidi. Wa pili, kwa maoni yangu, ndio unaokuja na hadithi.

Turejee Kwale. Bila kitambulisho, mtu hawezi kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa rasmi, na safari ya kupeleka vinyago Mombasa huwa ya kuwakwepa polisi. Mchongaji wa aina hiyo humuuzia dalali kwa bei atakayotajiwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilitoa nafasi ya miaka mitano kwa watu wasio na utaifa kujisajili. Nafasi hiyo ilipokwisha bila mafanikio, Wamakonde walifunga safari ya kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, na Oktoba 2016 wakapokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, aliyeagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kumalizika. Vilianza kutolewa, na jamii hiyo ikahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona, ambao wanawake wao wanajulikana kwa ususi wa vikapu, walifuata mwaka 2021, na Wapemba wa mwambao mwaka 2023.

Mwaka huohuo wa 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inaipa kila jamii haki juu ya sanaa yake, na kuzitaka serikali za kaunti ziweke daftari la sanaa hizo. Sasa kwa kuwa Wamakonde ni jamii inayotambulika, wana haki ya kuandikwa humo, na kuuliza ni nani anayelitumia jina lao dukani na kwa idhini ya nani. Swali hilo ni zito, maana jina hilo ni la ndugu zao wa Tanzania na Msumbiji pia.

Tatizo la mti halingojei sheria. Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuchongwa, na sehemu inayotakiwa ni kile kiini cheusi pekee. Muhugu uliotumiwa badala yake nao ulikatwa kupita kiasi. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wa pwani wamehimizwa kugeukia mwarobaini, mti unaomea haraka, na ambao nao ni mhamiaji, asili yake ikiwa Bara Hindi. Hauna weusi wa mpingo. Baadhi ya wachongaji huupaka rangi nyeusi ya viatu, na mnunuzi asiyejua akaondoka akiamini amebeba mpingo.

Kitambulisho nacho kimekuja na lake. Kijana wa Kimakonde leo anaweza kuomba kazi, mkopo au nafasi ya chuo kama Mkenya mwingine yeyote. Babake alishika tezo kwa kukosa mlango mwingine. Yeye akiishika, atakuwa ameichagua.