Mashine ya Kupumulia na Nia ya Daktari

Mei 1993, Buddhadasa, mmoja wa watawa wa Kibudha walioheshimika sana Thailand, alipatwa na kiharusi katika monasteri ya Suan Mokkh, aliyoianzisha mwaka 1932. Alikwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba hataki mwili wake uhangaishwe ili kukikimbia kifo. Hata hivyo alipelekwa hospitali ya Siriraj, Bangkok, akatibiwa kwa wiki kadhaa. Alirudishwa Suan Mokkh, akafariki Julai 8. Wanafunzi, madaktari na magazeti walibishana: nani alimheshimu mzee, aliyempeleka au aliyetaka aachwe?

Asiyeijua dini ya Kibudha hudhani Mbudha huvumilia tu, kwa kuwa amefundishwa kwamba maisha yana mateso. Sivyo. Vinaya, yaani kanuni za watawa, ina sura nzima ya dawa, ikiwemo samli, asali na sukari guru. Humo pia mna kisa cha mtawa aliyeugua tumbo la kuhara, akalala katika uchafu wake bila wa kumtazama. Buddha alimmwagia maji, mwanafunzi wake Ananda akamwosha, kisha Buddha akawaambia watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. Kwangu mimi, maadili ya uuguzi hayana msingi ulio imara kuliko huo.

Kanuni hizohizo ni kali upande wa pili. Mtawa anayemuua mtu kwa makusudi, au anayemsifia kifo hadi akajiua, hupoteza utawa wake papo hapo, hata akidai alisukumwa na huruma.

Kumuua mgonjwa, basi, ni mwiko, na kumtelekeza ni aibu. Kilichobaki hupimwa kwa nia. Daktari anayetoa morfini ili maumivu yatulie hayuko sawa na anayeitoa ili moyo usimame, hata kama chupa ni ileile. Tena wapo Wabudha wanaoomba dozi ndogo, kwa sababu wanaamini hali ya akili wakati wa kufa huathiri kuzaliwa upya. Wanataka kufa wakiwa macho. Daktari asiyelijua hilo ataliita ombi lao ukaidi, naye atakuwa amekosea.

Mwaka 2007 Thailand ilipitisha Sheria ya Afya ya Taifa. Kifungu cha 12 kinamruhusu mtu kuandika mapema kwamba anakataa huduma za kurefusha tu hatua ya mwisho ya uhai wake, na daktari anayeutii waraka huo hana hatia. Naiona sheria hii kuwa ya huruma, hasa kwa watoto wa mgonjwa. Katika utamaduni ambao shukrani kwa wazazi ni deni kubwa, mtoto anayesema mashine izimwe huogopa kuitwa asiye na fadhila, na huogopa kubeba karma, yaani malipo ya tendo lake, kwa kifo cha mzazi wake. Waraka unamwondolea uamuzi huo. Haumruhusu daktari kumdunga mgonjwa sindano ya kumuua. Hilo, kwa sheria na kwa Vinaya, limebaki kuwa kuua.