Vijidudu vya Udongo Huvunja Sumu ya Dawa

Mkulima akimaliza kunyunyizia mboga au kahawa dawa, huosha bomba lake. Mara nyingi maji hayo humwagwa karibu na kisima au kando ya mto. Mvua ikinyesha, sumu huchukuliwa mpaka kwenye maji ya kunywa. Yafaa kuzuia jambo hili.

Katika udongo wenye rutuba mna vijidudu na ukungu, vidogo mno hata havionekani kwa macho. Kazi yao ni kuozesha mabua na miti. Vimeng'enya ambavyo ukungu hutoa ili kuvunja sehemu ngumu ya mti huvunja pia dawa nyingi za wadudu na magugu. Kwa kutumia ujuzi huu, wakulima wa Uswidi walianza mwaka 1993 kuoshea mabomba yao juu ya shimo maalumu.

Namna ya kulitengeneza:

1. Chagua mahali palipoinuka, mbali na kisima, mto na nyumba.
2. Chimba kina cha sentimita 70. Chini weka udongo wa mfinyanzi, unene wa sentimita 10, uushindilie.
3. Changanya mabua yaliyokatwakatwa sehemu 2, udongo wa juu wa shamba sehemu 1, na mboji iliyoiva sehemu 1. Lowesha kidogo, uache mwezi mmoja, kisha jaza shimo.
4. Panda nyasi juu yake, maana hunywa maji yaliyozidi. Nyasi hizo wasilishwe ng'ombe kamwe. Zungushia ua.
5. Wakati wa masika liezeke. Shimo likijaa maji, vijidudu hukosa hewa na kazi husimama. Wakati wa kiangazi, lisiachwe likauke kabisa.
6. Mabua yakioza mchanganyiko hushuka. Ongeza mwingine kila mwaka.

Angalia sana: vijidudu haviwezi kuvunja kila kitu. Dawa za shaba zinazonyunyiziwa kahawa hazimalizwi navyo, kwa kuwa shaba ni madini. Hubaki udongoni miaka mingi na kuwadhuru vijidudu wenyewe. Maji yenye shaba yasimwagwe humo. Wala usimwage dawa iliyobaki. Shimo ni la maji ya kuoshea tu.

Njia iliyo bora ni kupima dawa itoshe shamba, na maji ya kwanza ya kuoshea kuyanyunyizia mimea ile ile. Kabla ya kuchimba, mwite Bwana Shamba wako akuonyeshe mahali panapofaa.