Kauli "Naumwa" na Upimaji wa Maumivu Wodini Mkoani Mara

Katika Kiswahili cha Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo kwingineko Tanzania, kauli "naumwa" hubeba maana mbili: kuwa mgonjwa na kuhisi maumivu. Muuguzi anayeuliza "Bado unaumwa?" anaweza kujibiwa "ndiyo" na mgonjwa wa malaria asiye na maumivu yoyote, au "sasa sijambo" na mwingine ambaye kidonda cha upasuaji kingali kinamchoma. Kwa hakika, swali hilo halipimi kitu.

Margo McCaffery, muuguzi wa Marekani, alishikilia mwaka 1968 kwamba mwenye kauli ya mwisho kuhusu maumivu ni mgonjwa mwenyewe. Msimamo huo una uzito, ila unamhitaji mgonjwa anayesema. Miongoni mwa Wakurya, kijana wa jando hutarajiwa kustahimili kisu pasipo kulia. Aliyelelewa hivyo huenda asilalamike kitandani.

Hivyo basi, muuguzi hana budi kuuliza mahali na namna: panachoma, panavuta, au panakata? Ndipo afuate kipimo cha 0 hadi 10, au picha za nyuso kwa asiyezoea tarakimu. Aidha, amtazame mgonjwa anapogeuka na anapokohoa, kwani aliyetulia chali aweza kuonekana hana shida. Alama iandikwe kabla ya dawa na baada yake. Pasipo ya pili, haijulikani kama dawa imesaidia. Kwa mzee anayejieleza vyema zaidi kwa Kijita au Kizanaki, ndugu anayemuuguza atafsiri, lakini jibu liwe la mzee, si makisio ya ndugu.